Nilifeli cheki tatu za urubani. Kuna kampuni itakayoniajiri?

*"Shikamoo Kapteni. Mimi ni binti wa miaka 24, mzaliwa wa Nyamanoro hapa Mwanza. Nimemaliza mafunzo ya urubani Nairobi, uwanja wa Wilson. Nina saa 207 za kuruka, leseni ya rubani wa biashara na retingi, yaani kibali cha ziada, ya kuruka kwa vyombo bila kutegemea kuona nje. Shida yangu ni kwamba nilifeli cheki tatu njiani, yaani mitihani ya kuruka na mtahini. Ya leseni binafsi nilitua mbali mno na alama. Ya biashara, mtahini aliponiigizia injini imezimika, nilichagua shamba ambalo nisingelifikia. Ya vyombo nilipitiliza kwa futi 60 kimo cha mwisho, kile usichoruhusiwa kushuka chini yake kabla ya kuuona uwanja. Zote nilirudia mara moja nikafaulu. Sasa nasoma mtandaoni marubani wa Marekani wakisema mtu mwenye cheki tatu za kufeli kampuni hazimgusi. Rafiki yangu anasema Afrika Mashariki hakuna anayefuatilia, ninyamaze tu. Mwingine ameniambia ninunue logibuku mpya, daftari la kumbukumbu za safari zangu, ninakili kila kitu isipokuwa hizo siku tatu. Mama aliuza kiwanja cha Buswelu na bado analipa mkopo wa VICOBA. Sijapeleka maombi hata kampuni moja kwa hofu. Nina nafasi? Niseme au ninyamaze? Na nifanye nini wakati nasubiri?"*

Marahaba, mwanangu.

Jibu fupi kwanza, ili upumue. Nafasi unayo. Ukiulizwa, sema. Logibuku mpya usiinunue. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, na sitafuata mpangilio wa maswali yako, kwa sababu hofu yako imeanzia mbali na hapa na ni vizuri tuanze huko ilikotoka.

Hayo uliyoyasoma ya Marekani hayakuzuka hewani. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air, Dash 8 Q400, aina ile ile ambayo Air Tanzania inayo, ilianguka usiku karibu na Buffalo ikija kutua. Walikufa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Usukani ulianza kutikisika, ambayo ni ishara kwamba mwendo umepungua mno na mabawa yanakaribia kushindwa kuibeba ndege. Kapteni alipaswa kuusukuma mbele, aliuvuta. Wachunguzi walipofungua jalada lake walikuta cheki kadhaa alizofeli, nyingine za leseni, nyingine za kazini, na kwamba alipoomba kazi hakuzitaja zote. Miaka kumi baadaye, tarehe 23 Februari 2019, Boeing 767 ya mizigo ya Atlas Air ilianguka Texas na kuua watu watatu waliokuwamo. Humo pia rubani msaidizi alikuwa amefeli mafunzo mara kwa mara kwa waajiri waliotangulia, na alipoomba kazi mpya akayaficha.

Baada ya ajali ya Buffalo, Bunge la Marekani lilitunga sheria mwaka 2010, na kutokana nayo ikajengwa hifadhidata ya kumbukumbu za marubani, ambayo kanuni zake zilikamilika mwaka 2021. Leo kampuni ya ndege ya kule hulazimika kuifungua hifadhidata hiyo kabla ya kumpa rubani kazi ya kuruka, na humo kila cheki ya leseni aliyofeli inaonekana. Ndiyo maana vijana wa kule wanahesabu cheki zao kama mtu anavyohesabu madeni. Lakini hata kule hakuna sheria inayosema aliyefeli mara tatu asiajiriwe. Kila kampuni ina kiwango chake, na kiwango hicho hupanda na kushuka. Marubani wakiadimika, wenye cheki nne huitwa kwenye usaili. Wakijaa, mwenye mbili huachwa. Mtu anayeandika kwa uchungu kwamba amekataliwa anakueleza zaidi soko lilivyokuwa mwaka huo kuliko anavyokueleza wewe ulivyo.

Rudi kwenye ajali zile mbili uone kilichowatia watu hofu. Marubani wale walifeli mara kwa mara, mpaka wakiwa tayari wanabeba abiria na mizigo, katika mambo yanayofanana, na waajiri wao hawakuambiwa yote. Mwanafunzi aliyetua mbali na alama akiwa na saa hamsini na kitu yuko kwenye kundi jingine kabisa.

Sasa rafiki yako wa kwanza. Ni kweli Tanzania hatuna hifadhidata moja ya namna ile. Lakini kutoka hapo hadi "hakuna anayefuatilia" ni mbali sana. Leseni yako ni ya Kenya. Ukitaka kuruka kibiashara na ndege zilizosajiliwa hapa, Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, lazima iitambue au iigeuze, na kabla ya kufanya hivyo itawaandikia wenzao wa Kenya kuthibitisha kwamba leseni ni halali na imepatikana kihalali. Mtahini hujaza fomu ya matokeo, ufaulu au ufeli, na fomu hizo huishia mamlakani. Shule nayo, kwa kanuni za kimataifa za leseni, inatakiwa kuhifadhi jalada la mwanafunzi kwa muda usiopungua miaka miwili baada ya kumaliza. Na juu ya makaratasi yote kuna watu. Marubani wa Afrika Mashariki ni wachache, wanakutana Wilson, wanakutana Arusha, wanakutana kwenye chai ya asubuhi pale uwanja wa Mwanza abiria wakisubiri mawingu ya ziwani yafunguke. Mkuu wa marubani akitaka kujua wewe ni nani, inamgharimu simu moja.

Rafiki wa pili anakupeleka pabaya zaidi. Safari uliyofeli mtihani bado ni safari. Saa zake ni zako kihalali na zinahesabika kama nyingine. Ukiziondoa, umejipunguzia saa na wakati huohuo umetengeneza kasoro ambayo haikuwapo, kwa sababu kila safari huandikwa mahali zaidi ya pamoja: kwako, kwenye kitabu cha ndege yenyewe, na kwenye jalada la shule. Tarehe, namba ya ndege na dakika zikipishana, atakayekagua hatajiuliza ulifeli nini. Atajiuliza umebadilisha nini kingine. Kughushi kumbukumbu za kuruka ni kosa la kisheria, na leseni inaweza kufutwa. Fikiria mwenyewe: cheki uliyoirudia ukafaulu, unataka kuifunika kwa kosa linaloweza kukuondoa kwenye kazi hii moja kwa moja.

Mwajiri anayejua kazi yake anafanana na mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Haangalii walioko juu ya gunia. Anatia mkono mpaka chini na kuibuka na konzi. Anachotafuta huko chini ni vitu vichache, na ni vyema uvijue kabla hajakufikia.

Kwanza, ulifeli lini. Cheki za mwanzo za leseni zina uzito mdogo kuliko za retingi ya vyombo, na za retingi ya vyombo ni nyepesi kuliko kufeli mafunzo ya aina ya ndege ukiwa tayari umeajiriwa. Sababu ni ya kibiashara. Kanuni za kimataifa za uendeshaji zinataka rubani wa kampuni apimwe uwezo mara mbili kila mwaka, maisha yake yote ya kazi. Kila cheki anayofeli mwajiriwa ni fedha: muda wa simuleta au wa ndege, siku za mkufunzi, ratiba iliyovurugika. Kwa hiyo swali la mwajiri ni kama utaweza kupita cheki zijazo, kila baada ya miezi sita, mpaka ustaafu. Zilizopita anazitumia kubashiri.

Pili, ulirudia mara ngapi. Wewe kila moja umeirudia mara moja. Hilo ni zuri kuliko unavyodhani. Wapo wenye cheki moja tu ya kufeli lakini waliirudia mara nne.

Tatu, na hapa ndipo nitakuwa mkali kidogo: je, makosa yana undugu?

Umeziandika cheki zako kama mikosi mitatu tofauti. Mimi nimeketi kiti cha mtahini, na nikizisoma naona kosa moja lililobadilisha nguo. Kutua mbali na alama maana yake ulikuja juu mno au kasi mno. Kuchagua shamba usiloweza kulifikia maana yake ulidhani kimo ulichonacho kitakupeleka mbali kuliko kinavyoweza. Kupitiliza kimo cha mwisho kwa futi 60 maana yake ndege ilikuwa inashuka na wewe hukuisimamisha kwa wakati. Yote matatu ni hesabu ya kimo na mwendo: nina kiasi gani mkononi, kinapungua kwa kasi gani, kitaniishia wapi. Kama mimi nimeliona kwenye barua ya mistari michache, mkuu wa marubani ataliona kwenye jalada. Afadhali ulione wewe kwanza.

Na sehemu ya kosa hilo ina maelezo ambayo naona hukupewa vizuri. Wilson uko kwenye kimo cha takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto hewa yake huwa nyepesi kama ya futi 7,500 au zaidi. Kipima mwendo cha ndege hakipimi kasi yako juu ya ardhi. Kinapima msukumo wa hewa inayokuja mbele. Hewa ikiwa nyepesi, lazima ndege iende kasi zaidi ili kipimo kisome namba ile ile. Kanuni ya haraka ni asilimia 2 kwa kila futi 1,000, ingawa inazidisha kidogo; hesabu kamili hapa ni kama asilimia 12. Kwa hiyo ukija kutua na noti 60 (noti ni kipimo cha mwendo wa ndege) kwenye kipimo, kwa hewa ya futi 7,500 kwa kweli unakwenda karibu noti 67, na nguvu ya mwendo unayopaswa kuimaliza kwenye njia ya kurukia imeongezeka kwa robo nzima. Ongeza noti tano za woga, ambazo kila mtahiniwa huziongeza siku ya mtihani, na ndege itaelea, itaelea, alama inapita chini yako. Mtahini anaandika: ametua mbele mno. Marekani kipimo cha leseni binafsi kwa kutua kwenye njia fupi ni ndani ya futi 200 baada ya alama, na cha leseni ya biashara ni futi 100, na kabla ya alama ni sifuri kwa wote wawili. Noti tano hizo zinatosha kukumaliza.

Nakueleza haya kwa sababu ya kazi unayoitaka. Uwanja wetu wa Mwanza uko futi 3,760 hivi. Kwa joto la nyuzi 28, jambo la kawaida kabisa saa nane mchana, hewa yake ni kama ya futi 6,200. Caravan, ndege ndogo ya abiria wachache, ikitoka hapa kwenda Seronera, Serengeti, inatua mahali palipo juu ya futi 5,000. Huko hakuna kilomita tatu za lami za kukusamehe, na kuna swala, na kuna changarawe iliyonyeshewa jana. Mwajiri wa kampuni ndogo za Kanda ya Ziwa atakapokuuliza kuhusu ile cheki ya kwanza hatakuwa anakutega. Atakuwa anauliza kuhusu kazi yake ya kila siku.

La shamba nalo lina hesabu yake. Cessna 172 injini ikizimika, bila upepo, hutembea kama maili moja na nusu ya anga kwa kila futi 1,000 za kimo. Kwa futi 2,000 juu ya ardhi una maili tatu, siku nzuri. Upepo wa mbele unazila. Kugeuka kunazila. Sekunde unazopoteza ukishangaa zinazila. Ndiyo maana wakufunzi wazee husema chagua shamba la karibu lililo baya kiasi kuliko zuri la mbali, na uanze kuangalia chini kabla injini haijazimika. Huku kwetu, ukiwa unafuata mwambao wa ziwa, swali hilo ni zito zaidi kwa sababu upande mmoja wote ni maji na upande wa pili mara nyingi ni majabali.

Na zile futi 60. Kimo cha mwisho kwenye njia ya vyombo hakina huruma upande wa chini. Marekani wanakuruhusu uwe juu yake kwa futi 100, Ulaya 50. Chini yake, kote, ni sifuri. Wengi wanaopitiliza hawakukosa ujuzi. Walikuwa wanachungulia nje kutafuta taa. Macho yametoka kwenye vyombo, mkono umeendelea kushusha. Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: kutamka kwa sauti, hata ukiwa peke yako, "elfu moja kabla", "mia moja kabla", "kimo", na kuanza kuinyoosha ndege kabla ya kufika, si baada.

Hebu niongeze jambo ambalo halimo kwenye barua yako ila nimeliona mara nyingi kwenye kiti cha pili. Mtahiniwa anakosea kitu kidogo dakika ya kumi, anaamua moyoni kwamba amefeli, na kuanzia hapo anaruka kama mtu aliyekwisha kufa. Kumbe lile la kwanza mtahini alikuwa amelisamehe. Anachokifeli ni la tatu, alilolifanya akiwa bado analifikiria la kwanza. Kama hilo lilikutokea hata mara moja kati ya zile tatu, liandike, kwa sababu nalo ni jibu la kweli la usaili. Na ujue pia kwamba huko Ulaya, ukifeli sehemu moja tu ya mtihani wa leseni ya biashara au wa vyombo, unarudia sehemu hiyo pekee. Marekani nako, ukirudi ndani ya siku 60 ukiwa na mafunzo ya ziada yaliyosainiwa na mkufunzi, mtahini anaweza kukuhesabia ulizofaulu. Mfumo wenyewe umejengwa ukitegemea kwamba watu watafeli vipande na kuvirudia.

Sasa, useme vipi? Tofautisha mambo mawili. Kwenye barua ya maombi na wasifu wako huna sababu ya kuandika cheki ulizofeli kama fomu haikuuliza. Huko si kuficha; hakuna anayetanguliza makovu yake kwenye salamu. Lakini fomu ikiuliza, jibu zote tatu, kwa tarehe. Kwenye usaili ukiulizwa, jibu zote tatu, bila kusubiri uchimbwe. Mtu anayetaja moja, halafu ya pili inatoka kwa kubanwa, huyo ndiye anayeachwa, na mimi ningemwacha.

Jibu baya nimelisikia mara nyingi: "Mtahini yule alikuwa na roho mbaya," au "ndege ya shule ilikuwa mbovu," au "siku hiyo upepo ulibadilika." Hata kama ni kweli, anayekusikiliza anajiuliza ni lini utasema hivyo kuhusu abiria wake. Jibu zuri ni fupi na lina mambo manne: kilichotokea, sababu, ulichofanya, na ushahidi kwamba kimebadilika. Kwako lingeweza kuwa hivi: "Nilifeli cheki tatu, na zote zilihusu kusimamia kimo na mwendo. Nilikuwa naongeza kasi nikija kutua kwa woga, bila kuelewa vizuri athari ya hewa nyepesi. Baada ya cheki ya vyombo nilikaa na mkufunzi tukazipitia zote tatu pamoja, na tangu hapo naandika kwenye daftari kila nilipotua na kwa mwendo gani. Daftari hili hapa." Halafu unyamaze. Usijitetee, usilie, usiendelee kuongea kwa sababu wao wamenyamaza.

Ila huwezi kusema hivyo leo, kwa kuwa hujalifanya. Ndilo jibu la swali lako la tatu.

Chukua fedha kidogo uliyonayo, hata ikiwa ni ya saa mbili au tatu tu za ndege, uruke na mkufunzi mzuri ambaye hakukufundisha mwanzo, umpe barua uliyoniandikia mimi, na mfanye mambo matatu hayo tu: kutua kwenye alama, injini kuzimika, na kushuka kwa vyombo. Hakikisha unatua na kupaa si chini ya mara tatu ndani ya kila siku 90, maana pasipo hapo huruhusiwi kubeba abiria na hata kampuni ikikuita ghafla utakuwa umeoza. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kwa umri wako hudumu miezi 12. Usikiache kife ukisubiri simu.

Kuhusu kazi yenyewe, nakupa picha ilivyo. Kinachokuzuia zaidi kwa sasa ni zile saa 207. Kampuni za Caravan zinabanwa na bima. Ni bima, mara nyingi kuliko kanuni, inayosema kapteni awe na saa ngapi, ndiyo maana mgeni huanzia kiti cha kulia, na viti hivyo ni vichache. Kampuni kubwa zenye ATR na Q400 huchukua marubani wapya kwa makundi, kisha hufunga mlango muda mrefu. Peleka maombi kote, Mwanza, Arusha, Dar es Salaam, Zanzibar, na uyapeleke upya kila baada ya miezi michache. Ukiweza, nenda mwenyewe. Ofisi nyingi za ndege ndogo bado zinaajiri mtu waliyekwisha kumwona uso.

Njia ya ukufunzi, yaani kusomea kuwafundisha wanafunzi kuruka, ningeipa uzito kuliko wengi watakavyokushauri. Inakula fedha mwanzoni, na najua ya kiwanja. Lakini inakupa saa, na kwa mtu mwenye tatizo lako inatibu. Huwezi kumfundisha mwanafunzi mia moja kabla na elfu moja kabla kwa miezi na bado ukapitiliza kimo. Mwajiri akiona kwamba yule aliyefeli kutua kwenye alama sasa ndiye anayefundisha kutua kwenye alama, mazungumzo yanabadilika. Kuna pia kazi za operesheni ardhini: kupanga mizigo na uzito, kuandaa mipango ya safari, kushughulikia abiria. Hazikupi saa, zinalipa kidogo, na wapo waliozifanya wakasahauliwa hukohuko. Ila wapo pia waliopata kiti cha kulia kwa sababu walikuwapo siku mtu alipougua. Ukiichukua, jiwekee ukomo.

Usichofanya ni hiki: mtu atakuja kukuambia ulipie mwenyewe mafunzo ya ndege kubwa, Boeing 737 au Airbus, kwamba ndiyo yatakayofuta cheki zako. Hayafuti kitu. Bila mwajiri aliyekuahidi kazi kwa maandishi, utakuwa na saa 207, retingi ya ndege ambayo huna pa kuirusha, na mama asiye na kiwanja cha pili cha kuuza. Kwa fedha hizohizo ungepata ukufunzi na ikabaki.

Kuna mambo siwezi kukusaidia kwa barua. Kama hofu unayoisema imefika mahali hulali, huli vizuri, au mwili unatetemeka ukifikiria kupanda ndege, hiyo haitibiwi kwa kuongeza saa. Nenda ukaonane na daktari, hospitali ya Bugando ni karibu na wewe, na umweleze pia daktari wako wa cheti cha afya ya anga. Najua marubani wengi huogopa kusema wakidhani watanyang'anywa cheti. Wasiwasi unaosemwa mapema mara nyingi una njia ya kushughulikiwa. Uliofichwa ukagundulika cheki ya nne ni hadithi nyingine. Pili, kabla hujaanza kugeuza leseni, fika ofisi za TCAA ukiwa na karatasi zako zote, waulize wanachotaka, usitegemee maelezo ya rafiki, wala yangu. Na ukikuta kwenye jalada lako kitu ambacho si kweli, kwa mfano cheki iliyoahirishwa kwa hali ya hewa ikaandikwa kuwa umefeli, hapo usibishane kwa simu. Andika, na kama fedha inaruhusu, mwone mwanasheria.

Hilo la jalada ndilo la kuanza nalo, kesho ikiwezekana. Iandikie shule yako ya Wilson barua ya kuomba nakala kamili ya kumbukumbu zako za mafunzo pamoja na fomu za cheki zote, ulizofaulu na ulizofeli. Shule hufungwa, hubadilisha wamiliki, na ule muda wa lazima wa kutunza majalada ukipita hakuna anayewajibika kukutafutia. Ukizipata, zisome kabla ya kupeleka maombi ya kwanza, kwa kuwa yawezekana maneno aliyoandika mtahini si yale unayoyakumbuka.